Dawa ya Meno

Ilianza kwa mlio, kama mende ndani ya kopo,
kisha ukimya,
na ukimya ndio uliotutisha.
Kompyuta ya chama ikawaka dakika nne, ikazima.
Tukaiwasha. Dakika tatu.
Mwenyekiti Ndekirwa akaizaba kofi ubavuni
kama anavyoizaba redio yake.
Dakika mbili.

Humo ndani mna kahawa ya msimu mzima,
wakulima mia tatu na kumi na wawili,
kila mmoja na faili lake.
Daftari la mkono lilikuwepo. Paa lilivuja mwezi wa nne,
kurasa zikagandana kama chapati za jana.
Na nakala, karani?
Karani ni mimi.
Nilisema, "Kesho."
Nilikuwa nimesema kesho kwa miaka mitatu.

Nikashuka Mbuyuni kumfuata Aikande,
fundi wa blenda na pasi,
mwanamke anayetafuna muwa akiwa anafikiri.
Alifungua skrubu nne, akanusa.
"Feni imekufa. Na bati la kupozea limevunjika kishikizo,
linaning'inia kama mlango wa banda la kuku.
Prosesa inaungua peke yake."
Kifaa kipya?
"Arusha. Jumatatu, labda."
Ilikuwa Ijumaa. Malipo ya pili ni kesho saa nne.

Akatema kapi la muwa.
"Siitengenezi hii. Naibembeleza tu. Uelewe tofauti."

Akaomba dawa ya meno.
Nilidhani utani, nikacheka, hakucheka.
Akakwangua ule utando mkavu kwa kitambulisho changu,
akapaka nyeupe, nyembamba,
kama mtu anayepaka siagi ya kukopa.
Akachana tyubu ya baiskeli, akalikaza bati
kwa fundo la kufungia mbuzi.
Feni ya mezani ikaletwa kutoka kwa mke wa mwenyekiti,
shingo imezungushiwa plasta.
"Tusubiri usiku," akasema. "Chini ya bati hili, mchana utatuumbua."

Saa nane usiku tukafungua dirisha la upande wa mlima.
Julai. Baridi ikashuka kwenye migomba
ikaingia bila hodi.
Mimi na makoti mawili, mashine uchi mezani.

Dakika nne. Dakika sita.
Flashi ikaanza kunywa:
Aikaruwa Tesha. Anaeli Kiwelu. Barnaba Makundi
(marehemu, kilo zake bado zinadai).
Asilimia arobaini, chumba kikanukia mnanaa.
Asilimia sabini, umeme ukayumba, taa ikawa rangi ya chai,
Aikande akaweka kiganja juu ya mashine
kama anayepima homa ya mtoto.
Tisini na moja, tyubu ikateleza.
Akalikandamiza bati kwa kidole.
Nilimwambia utaungua.
Akaanza kuhesabu kwa Kichaga, polepole,
na hakukitoa kile kidole
mpaka mia.

Ikazima yenyewe. Haijawaka tena hadi leo.

Asubuhi foleni ilipinda hadi nyuma ya choo cha ofisi.
Watu walihesabu noti, wakahesabu tena, wakaondoka,
hakuna aliyeuliza zimelala wapi.
Isipokuwa bibi Aikaruwa, aliyedai kilo mbili zake.
Akafungua pindo la khanga, akatoa stakabadhi:
arobaini na moja, mwezi wa kumi.
Faili likasema thelathini na tisa.
Mwandiko wa stakabadhi ni wangu. Faili pia ni langu.
Tulikesha, kidole cha mtu kikaiva,
na kosa langu nalo likaokoka, zima, bila mkwaruzo.
Nikamlipa kutoka mfukoni.

Aikande alidai elfu kumi na tano
akanirudishia dawa ya meno, imebonyea katikati.
Sasa nina flashi tatu:
moja ofisini, moja kwa shangazi Machame,
moja sisemi iko wapi.
Na asubuhi nikipiga mswaki
bado nasikiliza.